Kuchanganua Faili la Namba: Historia ya Muundo wa FITS na Maneno Yake

Kiswahili kilipokuwa kikiandikwa kwa hati za Kiarabu, herufi moja ya be iliweza kubeba sauti kadhaa: b, p, mb, na pengine mp. Mwandishi hakuona haja ya kuzipambanua, kwa kuwa aliyemwandikia aliijua lugha, na mwendo wa sentensi ulimwongoza kutambua iwapo neno lilikuwa bata au pata. Mgeni, hata akizijua herufi zote moja moja, alikwama. Herufi alikuwa nazo. Alichokosa ni makubaliano ya namna ya kuzisoma.

Tatizo hilo ndilo, kwa ukali zaidi, linalomkabili mtu aliyekabidhiwa faili la namba la kompyuta. Ndani yake hamna sentensi ya kumwongoza. Mna mfuatano wa biti, yaani tarakimu 0 na 1, ambazo zaweza kuwa picha ya nyota, vipimo vya joto la bahari, au hesabu ya mishahara. Biti zenyewe hazisemi ni zipi kati ya hizo. Kinachosema ni hati nyingine, iliyoandikwa kwa lugha ya watu: hati ya muundo, inayoeleza sehemu ipi huanzia wapi, ina urefu gani na yapasa kusomwa vipi. Hati hiyo ikipotea, au neno lake moja likiwa na maana mbili, faili huwa bubu hata kama halikupotea biti hata moja.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya hati moja ya namna hiyo, ile ya muundo uitwao FITS, ambao wataalamu wa astronomia duniani wameutumia tangu 1979 hadi leo. Jina hilo ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili twaweza kuyaeleza kuwa Mfumo Mnyumbufu wa Kusafirisha Picha. Nimeuchagua kwa sababu waliouasisi walikabiliwa na kazi ambayo wasomaji wa gazeti hili wanaifahamu vizuri: kuchagua maneno machache, kuyafunga kwenye maana moja, na kuwashawishi watu wasiosikilizana wayatumie.

Kwanza neno la kazi yenyewe. Kulipitia faili baiti kwa baiti, kutenga sehemu zake na kuipa kila sehemu nafasi yake, Waingereza hukuita kwa neno lile lile ambalo walimu wao wa Kilatini walilitumia kwa kugawa sentensi katika aina za maneno. Nasi tunalo neno la darasani tayari: kuchanganua. Hapana haja ya kuunda jingine. Litofautishwe tu na kufasiri. Mchanganuzi hutenga namba na kusema kwamba hii hapa ni 300. Mfasiri ndiye asemaye kwamba 300 hiyo ni kiasi cha mwanga uliopokewa na darubini. Kazi hizi mbili huvurugwa mara nyingi, na hasara yake tutaiona mbele.

Tuchukue mfano wa baiti mbili zinazofuatana, ya kwanza yenye thamani 129 na ya pili 44. Baiti ni fungu la biti 8, hivyo yaweza kubeba namba yoyote kutoka 0 hadi 255. Ikiwa baiti hizi mbili kwa pamoja ni namba moja, na ile ya kwanza ndiyo yenye uzito mkubwa, tutazidisha 129 kwa 256, tuongeze 44, tupate 33,068. Ikiwa ya pili ndiyo yenye uzito mkubwa, tutapata 11,393. Ikiwa hati ya muundo yasema kwamba namba zaweza kuwa hasi, kwa kanuni inayotumiwa na kompyuta nyingi za leo, basi ile 33,068 hupunguzwa 65,536 na kuwa hasi 32,468. Na ikiwa si namba bali ni maandishi ya mfumo wa ASCII, 44 ni alama ya mkato, ilhali 129 haimo kabisa katika mfumo huo. Baiti ni zile zile katika majibu yote manne.

Suala la baiti ipi itangulie lilizua ugomvi mkubwa miongoni mwa watengenezaji wa kompyuta, hata mnamo tarehe 1 Aprili 1980 Danny Cohen akaandika waraka wa mzaha na wa kweli kwa pamoja, akiwataka wasuluhishe. Majina aliyoyapa makundi hayo mawili aliyatoa katika kitabu cha Jonathan Swift cha 1726, Safari za Gulliver, ambamo watu wadogo wanapigana vita juu ya upande wa kupasulia yai. Mfasiri wa Kiswahili asijisumbue na yai. Tuseme kubwa-kwanza na dogo-kwanza, na kila mtu ataelewa. Sisi wenyewe tuna ushahidi wa jambo hili katika kuhesabu: tulichukua ishirini na thelathini kutoka kwa Waarabu, lakini wao husema tano na ishirini, nasi tukasema ishirini na tano. Maneno tuliyakopa, mpangilio tukaukataa.

Hasara inayotokea hati ya muundo inapokosekana si ya kubuni. Mwaka 1976 vyombo viwili vya Marekani viitwavyo Viking vilitua katika sayari ya Mars na kufanya majaribio ya kutafuta dalili za uhai katika udongo wake. Zaidi ya miaka 20 baadaye, Joseph Miller wa Chuo Kikuu cha Southern California aliomba namba za jaribio mojawapo ili azipige hesabu upya. Tepe za sumaku zilikuwapo, ila muundo wake ulikuwa umesahauliwa. Ilibidi kazi ifanywe kwa kutumia karatasi zilizochapwa, ambazo watafiti wa awali walikuwa wamezihifadhi. Karatasi, ambayo kila mtu aliidhania kuwa dhaifu, iliokoa kile ambacho tepe ilishindwa kukitamka.

Pwani yetu nayo ina sehemu katika habari hizi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka 7 ya kujitawala, setilaiti moja ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza eksirei zitokazo angani, na kwa heshima ya siku ile ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru. Orodha ya nne ya matokeo yake, iliyotolewa 1978, ina vyanzo 339 vya eksirei. Setilaiti za wakati huo zilifanya kazi kabla ya kuwapo mapatano yoyote juu ya muundo wa mafaili. Kila kundi la watafiti lilikuwa na utaratibu wake. Kituo cha HEASARC, kilichoanzishwa na NASA mwaka 1990 ili kutunza kumbukumbu za fani hiyo, kilijipa kazi ya kuzihamisha namba za safari za zamani na kuziweka katika muundo wa FITS, maadamu bado walikuwapo watu waliokumbuka namna ya kuzisoma.

Hali ya miaka ya 1970 ilikuwa hivi. Kila kituo cha kuchungulia anga kilikuwa na kompyuta yake, na kila kompyuta ilikuwa na desturi zake. Mtaalamu aliyetaka kulinganisha picha ya darubini ya kawaida na picha ya darubini ya redio alisafiri na utepe wake, akifika alikuta hakuna mashine ya kuusoma, akaketi kuandika programu ya kutafsiri. Hesabu yake ni rahisi. Vituo 10 vikitaka kubadilishana tepe, kila kimoja na kila kingine, zahitajika programu 90 za kutafsiri. Vikikubaliana juu ya muundo mmoja wa kati, zatosha programu 20: kila kituo kiwe na moja ya kuandika na moja ya kusoma. Hoja hii haihitaji kupigiwa debe mbele ya watu ambao kila siku hutumia lugha moja kuzungumza na majirani wenye lugha zaidi ya mia.

Don Wells alikuwa katika kituo cha Kitt Peak, jimbo la Arizona. Kompyuta yake, CDC 6400, ilihesabu kwa maneno ya biti 60, na kila herufi ilichukua biti 6. Eric Greisen alikuwa katika NRAO, shirika la darubini za redio la Marekani, ambako kulikuwa na IBM 360 yenye maneno ya biti 32 na herufi za biti 8 katika mfumo wa IBM wenyewe. (Neno, katika lugha ya mashine, ni idadi ya biti ambazo kompyuta huzichukua kwa mkupuo mmoja, maana hii ni ngeni kwetu lakini haina budi kukubaliwa.) Hata namba hasi ziliandikwa kwa njia mbili mbalimbali: katika mashine ya Arizona sifuri ilikuwa na sura mbili, sifuri chanya na sifuri hasi. Yamkini isingewezekana kupata jozi ya mashine zilizotofautiana zaidi ya hizo. Mnamo Machi 1979 wawili hao walikutana New Mexico, ambako darubini kubwa ya redio ya VLA ilikuwa ikijengwa, wakaafikiana juu ya misingi. Ronald Harten wa Uholanzi alikuwa mshirika wao, na maelezo kamili ya muundo yalichapishwa na hao watatu mwaka 1981. Mwaka uliofuata, katika mkutano wake wa Patras, nchini Ugiriki, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliuidhinisha.

Ninaona kwamba ushindi wa muundo huu ulitokana na uamuzi mmoja: faili lijieleze lenyewe, tena kwa herufi ambazo mtu aweza kuzisoma kwa macho. Faili la FITS huanza na sehemu iitwayo kichwa. Kichwa kimefanywa kwa mistari yenye herufi 80 kila mmoja, bila kupungua wala kuzidi. Kipimo hiki cha 80 kilirithiwa kutoka kadi za kutobolewa za IBM, ambazo tangu 1928 zilikuwa na safu 80. Hata leo, watu wengi ambao hawajapata kuiona kadi yenyewe huuita kila mstari wa kichwa kadi. Katika kila mstari, nafasi 8 za kwanza ni za neno-msingi. Nafasi ya 9 ina alama ya sawasawa na ya 10 ina nafasi tupu, kisha hufuata thamani, na baada ya mkwaju mtu aweza kuandika maelezo yoyote apendayo.

Mstari wa kwanza wa faili sharti uwe na neno SIMPLE, na thamani yake iwe herufi T katika nafasi ya 30, maana yake faili linafuata kanuni. Mchanganuzi akilifungua faili kama namba tupu atakuta 83, 73, 77, 80, 76, 69, 32, 32, 61, 32. Hizo ndizo herufi za neno SIMPLE katika ASCII, nafasi tupu mbili, alama ya sawasawa na nafasi tupu nyingine. Akikuta 83 mahali pa kwanza anajua amefika kwenye mlango wa nyumba sahihi. Akikuta 226, huenda mtu amegeuza herufi zote kuwa za mfumo wa IBM, na pengine pamoja na herufi amezivuruga namba za picha.

Baada ya hapo huja BITPIX, linalotaja idadi ya biti za kila namba: 8, 16, 32, na tangu 2005 hata 64. Thamani hasi, 32 na 64 zikitanguliwa na alama ya kutoa, zamaanisha namba za desimali inayoelea, ambazo hazikuwamo katika mapatano ya kwanza. Ziliingizwa takriban miaka 10 baadaye, mara tu watengenezaji wa kompyuta walipoanza kuafikiana juu ya sura yake. Kisha NAXIS, idadi ya vipimo vya picha: 2 kwa picha bapa. Kisha NAXIS1 na NAXIS2, urefu wa kila kipimo. Mwisho huja neno END.

Tuseme picha ni ya nukta 512 kwa 512, na kila nukta ina biti 16. Kichwa chetu kina mistari 6 tu, jumla herufi 480. Lakini kanuni yataka faili lote ligawanyike katika mafungu ya baiti 2,880, kwa hiyo nafasi 2,400 zinazobaki hujazwa nafasi tupu, na picha huanza baada ya baiti ya 2,880. Namba za picha huchukua baiti 524,288. Hizi hujaza mafungu 182 na kubakiza baiti 128 katika fungu la 183, ambalo humaliziwa kwa sifuri 2,752. Mchanganuzi asiyezingatia masazo haya atasoma sifuri kana kwamba ni sehemu ya anga isiyo na nyota.

Kwa nini 2,880? Watu wengi hudhani ni namba iliyookotwa tu. Baiti 2,880 ni biti 23,040, na biti 23,040 hugawanyika bila baki kwa 6, 8, 12, 16, 18, 24, 32, 36, 48, 60 na 64, yaani urefu wa neno wa karibu kila kompyuta iliyokuwa ikiuzwa wakati ule. Mashine ya Arizona ilipata maneno 384 kamili katika kila fungu, ile ya IBM maneno 720. Hakuna aliyelazimika kukata neno lake katikati. Kadhalika, fungu moja lina mistari 36 kamili ya herufi 80. Leo mashine za biti 60 zimekwisha toweka, lakini 2,880 ingali pale pale, kama kizingiti cha mlango ambao nyumba yake imejengwa upya mara nyingi.

Kuhusu baiti ipi itangulie, waasisi walichagua kubwa-kwanza, na hawakuacha ruhusa ya chaguo la pili. Kompyuta nyingi za mezani za siku hizi ni za dogo-kwanza, hivyo kila zinaposoma faili la FITS huzigeuza baiti. Kazi hiyo ni ndogo sana ikilinganishwa na mashaka ya kutojua.

Sasa turudi kwenye ile 129 na 44. BITPIX yasema biti 16, na kanuni yasema namba hizo zaweza kuwa hasi. Kwa hiyo ni hasi 32,468. Lakini kamera haiwezi kuhesabu mwanga hasi. Jawabu liko katika maneno-msingi mengine mawili, BSCALE na BZERO. Kanuni ni kwamba thamani halisi hupatikana kwa kuzidisha namba iliyomo kwa BSCALE, kisha kuongeza BZERO. Ikiwa BSCALE ni 1 na BZERO ni 32,768, kama ilivyo desturi kwa namba zisizo na alama, jawabu ni 300. Hapa ndipo mchanganuzi mvivu huumbuka: picha yake huonekana, nyota zake zipo mahali pake, ila kila kipimo kimekosewa kwa kiasi kile kile. Kosa linaloonekana wazi lina nafuu kuliko hilo.

Na hata 300 hiyo ni 300 ya nini? Kuna neno-msingi BUNIT la kutaja kizio cha kipimo, lakini si la lazima. Umuhimu wa kizio ulithibitishwa kwa gharama kubwa tarehe 23 Septemba 1999, chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipopotea kikiwa kinawasili Mars. Faili moja lililoandaliwa na programu ya ardhini lilikuwa na namba za msukumo wa injini katika vizio vya ratili za Kiingereza, ilhali hati ya muundo ilitaka nyutoni-sekunde. Tofauti ya vizio hivyo viwili ni takriban mara 4.45. Faili lilichanganuliwa barabara, likafasiriwa vibaya. Twaweza kusema kuwa hapo hati haikuwa na kasoro; waliokosea ni wale waliodhani kuwa namba hujitosheleza. Mswahili asikiaye saa tatu, na mgeni aliyefundishwa kuhesabu saa kuanzia usiku wa manane, wamesikia namba moja na wataachana kwa muda wa saa sita.

Miongoni mwa kanuni zote za FITS, iliyo nzito kuliko zote ni ile isemayo kwamba faili lililokuwa halali jana litakuwa halali daima. Nyongeza yoyote sharti isibatilishe kilichotangulia. Kanuni hii ilijaribiwa hasa katika suala la tarehe. Katika mapatano ya awali tarehe iliandikwa siku, mwezi, kisha tarakimu mbili za mwaka: 12/12/70. Karne ilipokaribia kwisha ilionekana wazi kuwa 01 ingeweza kuwa 1901 au 2001. Mwaka 1997 iliafikiwa kwamba tarehe ziandikwe kwa kuanza na mwaka kamili, kisha mwezi, kisha siku: 1970-12-12. Ile sura ya kale haikufutwa. Iliamuliwa tu kwamba popote ionekanapo isomwe kuwa ni ya kati ya 1900 na 1999. Kwa hiyo programu ya leo haina budi kuzielewa sura zote mbili. Hivyo ndivyo wataalamu wa istilahi wanavyopaswa, kwa maoni yangu, kushughulikia neno lililokwisha enea vitabuni: likibadilishwa, orodha mpya na iseme waziwazi neno la zamani lisomwe vipi, badala ya kunyamaza kana kwamba halikuwapo kamwe.

Ukali huo una bei yake. Neno-msingi haliwezi kuzidi herufi 8, na watu wa leo, waliozoea majina marefu, hulazimika kukata na kufinya mpaka maana ikapotea. Mwaka 2015 kundi la wataalamu lilichapisha makala ya kueleza upungufu wa FITS kwa mahitaji ya sasa, na mwaka huo huo wengine walipendekeza muundo mpya, ASDF, kwa ajili ya darubini ya anga ya James Webb. Hata hivyo, darubini hiyo ilipoanza kazi baada ya kurushwa Desemba 2021, picha zake ziliendelea kutolewa katika mafaili ya FITS, na maelezo ya ASDF yakiwa yamefungashwa ndani yake. Aidha, Maktaba ya Vatikano, yenye miswada ipatayo 80,000, iliuchagua muundo huu huu wa wachungulia nyota kwa kuhifadhi picha za kurasa zake, kwa kuwa waliokuwa wakitafuta kitu kitakachosomeka baada ya vizazi vingi waliridhishwa na ahadi ya kutobatilisha.

Ikiwa hati ya FITS itafasiriwa kwa Kiswahili, na sioni kwa nini isifasiriwe kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vyetu, ugumu mkubwa hautakuwa katika nomino. Faili, biti, baiti, kichwa, neno-msingi, fungu, vyote hivyo vitazoeleka. Ugumu utakuwa katika vitenzi vidogo vya amri. Hati ya Kiingereza hutenga daraja tatu: lililo la lazima, linaloshauriwa, na linaloruhusiwa, na kila daraja lina kitenzi chake kisichobadilika tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Wafasiri wetu wa sheria wamezoea kuonyesha ulazima kwa kiambishi cha wakati ujao. Katiba ya Tanzania yasema kutakuwa na Rais, wala hakuna anayedhani kuwa huo ni utabiri. Lakini mwandishi wa programu asomapo kwamba namba zitaanza baada ya kichwa, hajui kama ameamrishwa au ameelezwa tu yatakayotokea. Akiamua kuwa ni maelezo, ataandika programu inayovumilia kinyume chake, na mafaili mabovu yataenea kwa jina la FITS. Napendekeza sharti kwa daraja la kwanza, yafaa kwa la pili, na yaweza kwa la tatu, bila kubadilisha kwa ajili ya kupamba lugha. Inapasa na haina budi, ambazo mimi mwenyewe nimezitumia kwa wingi humu, zisionekane kabisa katika hati ya namna hiyo. Mwalimu wa insha atachukia urudiaji huo, na awe radhi.

Kwa upande mwingine, kuna maneno ambayo mfasiri hana ruhusa ya kuyagusa. SIMPLE, BITPIX, NAXIS na END si maneno ya Kiingereza tena, hata kama yalizaliwa huko; ni alama za baiti 8, sawa na noti za muziki. Atakayeandika MWISHO mahali pa END atakuwa ametengeneza faili ambalo mashine zote duniani zitalisoma hadi ukingoni zikitafuta mwisho wake bila kuuona. Pa Kiswahili ni palipo na thamani za maneno na maelezo ya baada ya mkwaju, nako lugha yetu ina bahati ambayo Wafaransa hawana. Kichwa cha FITS hukubali herufi za ASCII tu, kuanzia ya 32 hadi ya 126, na Kiswahili sanifu huandikwa chote kwa herufi hizo bila kupoteza hata alama moja. Pana mtego mmoja tu. Katika muundo huu thamani ya maneno hufungwa kwa alama ya ritifaa mwanzoni na mwishoni, kwa hiyo ritifaa iliyo ndani ya neno sharti iandikwe mara mbili. Jina la mahali kama Ng'ambo litaandikwa 'Ng''ambo'. Mwandishi akisahau, mchanganuzi atasoma Ng na kuishia hapo.